Kamera ya stereo kwa mtu wa kawaida: gharama iko wapi hasa?

Kamera ya stereo ina lenzi mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu, nazo hupiga picha mbili za kitu kilekile kwa wakati mmoja. Picha ya kushoto ikifikishwa kwenye jicho la kushoto na ya kulia kwenye jicho la kulia, ubongo huziunganisha na mtazamaji huona kina: pua imetangulia mbele ya shavu, tawi limejitenga na ukuta ulio nyuma yake. Wazo hili ni la zamani sana. Charles Wheatstone alilieleza mbele ya Royal Society ya London mwaka 1838, mwaka mmoja kabla upigaji picha wenyewe haujatangazwa kwa umma. Miaka michache tu baada ya kamera kupatikana, watu walikuwa tayari wanapiga picha mbilimbili na kuzitazama kwa kifaa maalumu.

Sasa vihisi vya kamera, yaani chipu zinazopokea mwanga, vimeshuka bei hadi simu moja inabeba vitatu au vinne mgongoni. Kwa nini basi mtu wa kawaida hana kamera ya stereo? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba vitu viwili ni ghali kuliko kimoja. Kuna ukweli mdogo humo, lakini lenzi ya pili na kihisi cha pili ndiyo sehemu rahisi kuliko zote za mashine hii. Kinachokula fedha ni kuyafanya macho hayo mawili yakubaliane: yatazame upande uleule, yapige kwa nukta ileile, yapime mwanga sawasawa, na yaendelee hivyo baada ya kamera kuanguka mara kadhaa na kukaa juani. Anayebuni kamera ya stereo ya bei nafuu lazima aamue mapema kwamba fedha zake zitakwenda kwenye makubaliano hayo, na kila kingine kitabanwa.

Uzito wa uamuzi huo unatokana na hesabu ya biashara. Watengenezaji wa vifaa vya elektroniki hukadiria kwamba bei ya dukani itakuwa kama mara tatu au nne ya gharama ya vipuri na kuunganisha, kwa sababu katikati kuna ufungashaji, usafirishaji, dhamana, faida ya muuzaji na kodi. Kwa hiyo kila kipuri unachokiongeza mnunuzi hukilipia mara tatu au nne. Skrini ya ziada, mota ya kusogeza lenzi, kitufe kisicho na kazi kubwa, vyote vinaonekana vidogo kwenye meza ya mbunifu na vinakuwa vikubwa kwenye rafu.

Waliotangulia

Kamera ya stereo iliyowahi kukubalika zaidi majumbani ni Stereo Realist, iliyobuniwa na Seton Rochwite na kutengenezwa na David White Company ya Milwaukee, Marekani, kuanzia mwaka 1947 hadi 1971. Ilitumia filamu ya kawaida ya milimita 35 na lenzi zake zilitengana kwa milimita 70. Nguvu yake haikuwa kwenye kamera peke yake. Mnunuzi aliweza kupata kitazamio chake, projekta yake, na huduma ya kupachika picha zake kwenye fremu. Mtu alipiga, akapeleka filamu, akarudishiwa kitu anachoweza kukitazama jioni hiyohiyo na familia. Kodak ilifuata mwaka 1954 na kamera ya bei ya chini zaidi, na kwa miaka kadhaa picha za stereo zilikuwa burudani ya watu wengi.

Kwa mbunifu wa vitu vya bei nafuu, kamera ya kusomwa kwa makini ni Sputnik ya Urusi ya Kisovieti, iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1950. Ilikuwa na mwili wa bakelaiti, filamu pana, na umbo rahisi kabisa. Lenzi zake ziliweza kutoa picha nzuri. Lakini kuta zake za ndani zilikuwa laini na zenye kung'aa, mwanga ukawa unagonga huku na huku na kuacha ukungu juu ya picha. Wenye nazo walijifunza kuzifungua na kubandika kitambaa cheusi au kupaka rangi isiyong'aa ndani. Kazi ya rangi kidogo tu ilirukwa kiwandani, na kamera nzima ikabeba sifa mbaya kwa sababu hiyo. Kubana gharama ni sawa, lakini kuna sentimita ya mraba usiyopaswa kuibana.

Mwaka 2009 Fujifilm ilitoa FinePix Real 3D W1, na mwaka uliofuata W3. Hizi zilikuwa kamera za kidijitali kamili: vihisi viwili vya megapikseli 10, lenzi mbili zenye zumu ya mara tatu, na skrini inayoonyesha kina bila miwani. Kwa maoni yangu ni kamera nzuri sana, na wapenzi wa stereo wanazitafuta hadi leo. Lakini ukizitazama kwa jicho la gharama, unaona vitu vitatu vilivyozipandisha: zumu mbili zinazotakiwa kwenda sambamba, skrini maalumu, na mwili mpana wa kubeba lenzi zilizotengana kwa zaidi ya milimita 70. Juu ya hayo, zilihifadhi picha kwa muundo wa MPO, faili moja lenye picha zote mbili, na programu nyingi zikifungua faili hilo huonyesha picha ya kushoto tu. Mtu anatuma picha yenye kina, mwenzake anapokea picha ya kawaida, na hakuna anayejua kilichopotea.

Lenzi zikae umbali gani?

Wengi hudhani lenzi lazima zitengane kama macho ya binadamu, ambayo kwa mtu mzima ni kama milimita 63 kwa wastani. Si lazima. Umbali huo ndio uamuzi mkubwa wa kwanza wa mbunifu, nao unategemea watu watakipiga nini.

Chukua kihisi kinachojulikana na kupatikana kwa wingi, IMX219 cha Sony, kile kilichomo kwenye kamera ya toleo la pili ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kina megapikseli 8, upana wa pikseli 3280, na moduli yake huja na lenzi ya milimita 3.04 inayoona upana wa nyuzi 62 hivi. Ukiweka mbili kwa umbali wa milimita 65, kitu kilicho mita 2 mbele kitaonekana kwenye picha mbili kikiwa kimepishana kwa pikseli 88. Kikisogea hadi mita 1, kupishana kunakuwa pikseli 176. Milima ya mbali haipishani kabisa.

Tofauti kati ya kilicho karibu na kilicho mbali ndiyo inayoleta kina, lakini ikizidi macho yanachoka na picha inagawanyika kuwa mbili. Wapigaji wa stereo wana kanuni ya muda mrefu: kupishana kusizidi sehemu moja ya thelathini ya upana wa picha. Kwa kihisi chetu hiyo ni pikseli 109. Ukirudi kwenye hesabu, kamera ya milimita 65 haiwezi kupiga kwa raha kitu kilicho karibu zaidi ya mita 1.6 kama nyuma yake kuna upeo wa macho. Ya milimita 45 inakwenda hadi mita 1.1. Ya milimita 20 inakwenda hadi nusu mita.

Basi kwa nini tusichague milimita 20 na kumaliza? Kwa sababu kina hupotea upesi kadiri unavyosogea mbali. Kwa umbali wa mita 10, pikseli moja ya kupishana kwenye kamera ya milimita 65 ni sawa na sentimita 57 za kina. Kwenye ya milimita 20 ni mita 1.8. Maana yake kundi la watu waliosimama mita 10 mbele yako, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa kamera hiyo ndogo watabanwa wote kwenye bapa moja. Hii ndiyo kazi ngumu iliyo mbele ya simu. iPhone 15 Pro ilianza kurekodi video za kina mwishoni mwa mwaka 2023 kwa kutumia lenzi zake mbili zilizo karibu sana, kama sentimita 2. Video za meza na za mtoto aliye mapajani zinapendeza. Za uwanjani zinakuwa bapa.

Watu wa kawaida hupiga watu wenzao, na huwapiga kutoka mita 1 hadi 3. Hiyo ndiyo picha ya kubunia kamera. Mimi ningechagua milimita 45. Kuna gharama yake ya kuonekana: macho ya mtazamaji yametengana zaidi ya lenzi, kwa hiyo vitu vinaonekana vikubwa kidogo na kina kimepungua kidogo kuliko hali halisi. Ni wachache watakaoligundua hilo. Lakini kila mtu atagundua picha inayomuumiza macho, na picha za namna hiyo ndizo zinazofanya mtu aiweke kamera kabatini na asiitoe tena. Faida ya pembeni ni kwamba kamera ya milimita 45 inaingia mfukoni.

Nukta ileile

Hapa ndipo kamera nyingi za kujitengenezea zinaposhindwa. Mtu huchukua kamera mbili, au simu mbili, huzifunga kwenye ubao mmoja na kubonyeza vitufe viwili pamoja, au hutumia rimoti ya bluetooth. Picha za majengo na maua yaliyotulia zinatoka vizuri. Kisha anampiga mtu anayetembea, na picha inakataa kuungana machoni.

Tuseme mtu anakatiza mbele ya kamera, umbali wa mita 2, kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, mwendo wa kawaida tu. Kamera ya kulia inachelewa kwa milisekunde 20 nyuma ya ya kushoto. Katika muda huo mtu amesogea milimita 30. Kwa macho ya mtazamaji, hizo milimita 30 zinaongezwa kwenye milimita 45 za lenzi au zinatolewa humo, kutegemea anaelekea upande gani. Akienda upande mmoja ataonekana yuko mita 1.2. Akienda upande mwingine ataonekana yuko mita 6, nyuma ya ukuta aliosimama mbele yake. Na mkono wake, ambao unarudi nyuma wakati mwili unasonga mbele, utaonekana uko mahali pengine kabisa.

Gari linalopita kwa mita 10 kwa sekunde litasogea milimita 200 katika muda huohuo. Hapo hesabu inavunjika. Likielekea upande mbaya, macho yatalazimika kutazama nje, kila moja upande wake, kitu ambacho macho hayafanyi.

Ukipunguza uchelewaji hadi milisekunde 1, yule anayetembea anakosea mahali kwa sentimita 6 au 7, kosa ambalo jicho linalisamehe. Ukifika sehemu ya kumi ya milisekunde, kosa ni chini ya sentimita 1. Lengo la kamera ya nyumbani linaweza kuwa hilo la milisekunde 1 au pungufu, na ni lengo linalofikika kwa fedha kidogo sana iwapo umelipanga tangu mwanzo.

Njia ni kuvipa vihisi vyote viwili saa moja. Kila kihisi huendeshwa na kioo kidogo cha madini ya kwatzi kinachotetemeka kutoa mapigo ya saa. Vioo viwili vya bei ya kawaida vinaweza kutofautiana kwa sehemu 20 katika milioni. Inaonekana ni kidogo mno, lakini katika video hiyo ni milisekunde 1.2 kwa kila dakika. Video mbili zilizoanza pamoja kabisa, baada ya dakika 10 zimeachana kwa milisekunde 12. Kioo kimoja kikilisha vihisi vyote viwili, tatizo linakwisha, na umepunguza kipuri kimoja. Kinachobaki ni mguu maalumu wa kihisi unaopokea ishara ya kuanza fremu. Vihisi vingi vina mguu huo, lakini si vyote, na moduli nyingi za rahisi haziutoi nje hata kama kihisi kinao. Kabla ya kuagiza moduli elfu moja, fungua karatasi ya vipimo na uutafute.

Kuna mtego mwingine. Vihisi vya bei nafuu havisomi picha nzima kwa mara moja. Husoma mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, na kazi hiyo huweza kuchukua milisekunde 20, 30 au zaidi. Kama vihisi viwili vimeelekea upande mmoja na vimeanza pamoja, hakuna tatizo, kwa sababu mstari wa mia wa kushoto na wa mia wa kulia husomwa pamoja. Lakini mbunifu anapotaka kusogeza lenzi karibu, hushawishika kuipindua moduli moja miguu juu ili viunganishi visigongane, kisha kuigeuza picha kwa programu. Picha zitafanana kabisa mezani. Ila sasa kihisi kimoja kinaanza juu na kingine kinaanza chini. Katikati ya picha wanakutana sawia, na kadiri unavyokwenda ukingoni ndivyo wanavyoachana, hadi muda wote wa usomaji. Mtu akipita katikati yuko sawa, huku kichwa chake kikikaa umbali mmoja na viatu vyake umbali mwingine.

Kipimo cha kujua kamera yako ina hali gani ni cha kujitengenezea. Panga taa ndogo za LED kwenye mstari, ziwake moja baada ya nyingine, kila moja milisekunde 1, kisha zipige kwa mwanga wa muda mfupi. Ukiona taa ya tano inawaka kwenye picha ya kushoto na ya kumi na mbili kwenye ya kulia, unajua umechelewa kwa milisekunde 7. Usimamishe mstari huo wima mara moja na uulaze mara moja, ili mtego wa usomaji wa mistari nao uonekane.

Muda wa kufungua mwanga na rangi ni sehemu ya makubaliano hayohayo. Kila kihisi kikiachwa kijiamulie, cha kushoto kitaona dirisha lenye jua na kufanya picha iwe nyeusi, cha kulia hakitaliona, na macho yatapewa nyuso mbili za rangi tofauti. Uso huo hung'aa kwa namna isiyo ya kawaida, kama chuma kilichopakwa mafuta. Suluhisho halina gharama: kihisi kimoja kipime, kingine kifuate.

Upande uleule

Macho yetu yana uhuru mkubwa wa kukutana kwa kulala, kushoto na kulia. Kwa kupanda na kushuka hayana. Picha moja ikiwa juu kidogo ya nyingine, kichwa kinaanza kuuma kabla mtazamaji hajaelewa sababu.

Kwa moduli yetu, nyuzi moja ni kama pikseli 47. Si ajabu kukuta moduli mbili za bei ndogo, zimegandishwa kwenye bodi kwa uangalifu, na bado mihimili yake imeachana kwa nusu nyuzi. Hizo ni pikseli 24 za kupanda na kushuka. Na hata ukiipanga sawa kiwandani, haitabaki hivyo yenyewe. Ubao unaobeba lenzi mbili ukipinda kiasi kwamba lenzi moja inaegemea kwa pembe inayolingana na kuinuka milimita 0.017 katika urefu wa milimita 45, picha imesogea pikseli moja. Huo ni kama robo ya unene wa unywele. Plastiki ya mwili wa kamera hupinda zaidi ya hapo ukiibana kwa vidole.

Mbunifu wa kamera ghali hutatua hili kwa chuma kilichochongwa kwa usahihi mkubwa. Wa bei nafuu ana njia mbili ambazo kwa pamoja zinatosha. Ya kwanza ni kuzipachika lenzi zote mbili kwenye kipande kimoja kifupi cha aluminiamu, kisha kukishika kipande hicho na mwili wa plastiki mahali pamoja tu, katikati. Mwili ukipinda, kipande hakipindi nao. Ni kipande kidogo na rahisi, na ningekilipia kabla ya kulipia pikseli moja ya ziada.

Ya pili ni hesabu. Kila kamera ikitoka kwenye mstari wa kuunganishia, ipige picha kadhaa za ubao wa miraba myeusi na myeupe. Kutokana na pembe za miraba, programu hujua kila lenzi imepinda kiasi gani na inaharibu mistari namna gani, kisha vipimo hivyo vinaandikwa kwenye kumbukumbu ya kamera hiyohiyo. Mbinu hii iko kwenye maktaba ya OpenCV, inayopatikana bila malipo, na wanafunzi wa roboti huitumia kila siku. Gharama iko kwenye sekunde ambazo kila kamera inakaa mbele ya ubao, kwa hiyo kazi ipangwe ili ubao uwe mkubwa, mbao kadhaa zionekane kwa wakati mmoja, na picha moja au mbili zitoshe.

Kuna jambo linalonifurahisha sana katika hesabu hizi. Kitu kinaweza kupishana kwa kulala kwa kiasi chochote, kutegemea umbali wake. Lakini picha zikishanyooshwa, hakuna kitu kinachopaswa kupishana kwa wima, kiwe karibu au mbali. Kwa hiyo kila picha ambayo mtumiaji anapiga, ya sherehe au ya bustani, inabeba ndani yake kipimo cha kama kamera imepinda. Programu ikilinganisha alama mia kadhaa na kukuta zote za kulia zimepanda pikseli 3, inajua la kufanya. Kamera iliyoanguka jana inajirekebisha leo, bila fundi.

Vinavyoweza kuachwa

Zumu iondoke. Zumu mbili hazikuzi kwa kiasi sawa kabisa, na tofauti ya asilimia 1 kwenye picha ya pikseli 3280 inasogeza kingo kwa pikseli 16. Zaidi ya hapo, zumu hubana kina: mtu aliyevutwa kutoka mbali huonekana kama amekatwa kwenye kadibodi.

Fokasi ya kujiendesha nayo naona iondoke. Lenzi ya milimita 3 yenye uwazi wa f/2, ikifungwa kwenye umbali wa mita 2, hutoa picha yenye ukali unaokubalika kuanzia mita 1 hadi upeo wa macho. Hiyo ndiyo mita 1 ileile ambayo tumekwisha kuiona kwenye hesabu ya macho: kamera ya milimita 45 haina haja ya kupiga karibu zaidi. Mota mbili zinatoka, sekunde za kutafuta fokasi zinatoka, na lenzi ikigandishwa kwa gundi vipimo vya kiwandani havibadiliki. Katika ubunifu wote huu hakuna mahali ambapo vitu viwili vimekubaliana vizuri namna hii.

Skrini inaweza kuachwa iwapo simu itafanya kazi hiyo. Zipo tayari moduli za roboti zinazounganisha fremu mbili kuwa moja pana na kuitoa kwa waya wa USB kama kamera ya kawaida ya kompyuta. Simu inaipokea, inanyoosha picha, inahifadhi. Hasara yake ni kwamba mtu lazima atoe vitu viwili mfukoni, na mtoto anayekimbia hasubiri. Ningeweka kitundu cha kuchungulia cha plastiki na kumbukumbu ndogo ndani, ili kamera ipige hata ikiwa peke yake.

Wapo wanaouliza kwa nini tusitumie kihisi kimoja na vioo vinne mbele yake, viigawe picha nusu kwa nusu. Ni njia halali. Ulandanishi wake ni kamili, kwa kuwa nusu zote mbili ziko kwenye mistari ileile ya kihisi kimoja. Lakini kila jicho hupata nusu ya upana, picha zinakuwa ndefu na nyembamba, katikati hubaki mstari wa ukungu, na vioo hupenda kusogea. Kwa kuwa kihisi cha pili kimekuwa rahisi hivi, vioo havina tena sababu kubwa, isipokuwa kwa mtu anayetaka kujaribu na kamera aliyonayo.

Swali zito zaidi ni la akili unde. Leo programu inaweza kuchukua picha moja ya kawaida na kubuni kina chake. Apple iliweka uwezo huo kwenye visionOS 2, mfumo wa miwani yake ya Vision Pro, mwaka 2024, na matokeo yake mara nyingi yanashangaza. Lakini programu hiyo inakisia. Nyuma ya sikio, ambako jicho la pili lingeona kipande cha ukuta, inabuni ukuta. Kwenye bilauri ya maji, majani ya mti, nywele zilizotawanyika na mng'ao wa jua juu ya ziwa, kila jicho huona kitu tofauti kwa kweli, na tofauti hiyo haimo ndani ya picha moja. Mng'ao hasa: nuru inayometameta juu ya maji ni nuru ambayo jicho moja limeiona na jingine halijaiona. Kwa picha ya mtu ninayempenda, nataka kilichokuwepo.

Faili na kitazamio

Picha ihifadhiwe kama JPEG moja pana, kushoto na kulia zikiwa ubavu kwa ubavu. Kila simu na kila kompyuta itaifungua, na hata asiyekuwa na kifaa ataona kwamba kuna picha mbili. Miundo ya kisasa kama MV-HEVC ya video za kina ni bora kwa ukubwa wa faili, na programu inaweza kutoa nakala yake kwa mwenye miwani ya uhalisia pepe. Programu hiyohiyo iweze pia kutoa picha ya rangi nyekundu na samawati kwa wenye miwani ya karatasi.

Ila kamera isiuzwe bila kitazamio ndani ya boksi. Hiki ni kipande cha kadibodi au plastiki chenye lenzi mbili, ambacho simu inatumbukizwa ndani yake. Ni cha gharama ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na ndicho kinachoamua kama mtu ataona alichopiga. Nacho kina vipimo vyake. Picha mbili kwenye skrini ya simu zipangwe ili sehemu za mbali kabisa zisitengane zaidi ya macho ya mtazamaji, yaani milimita 60 na kitu, la sivyo macho yatalazimika kuachana. Kila picha ikiwa na upana wa milimita 62 kwenye skrini, na kamera ikiona nyuzi 62, lenzi ya kitazamio inapaswa kuwa ya milimita 51 hivi ili pembe za kutazama zirudi kuwa zile za kupiga. Lenzi ya milimita 50 inapatikana kirahisi. Ukiweka ya milimita 100 kwa kuwa ulikuwa nayo, uwanja mpana uliopigwa utaonekana kupitia dirisha dogo la mbali, na kina kitavutika kama handaki. Vipimo vya kitazamio vichorwe siku ileile vinapochorwa vya kamera, kwenye karatasi ileile.